Mtu wa Jumanne

Kwetu Sfax, mji wa pwani ya Tunisia, mtu haendi kwa daktari wa nafsi mchana kweupe kama anayekwenda kung'oa jino. Huingia kwanza kwenye duka la dawa lililo chini ya jengo, akanunua hata vidonge vya kichwa asivyovihitaji, akatazama huku na huku, ndipo apande ngazi. Daktari Wided Shaabuni, ambaye chumba chake kilikuwa ghorofa ya tatu, alilijua hilo vizuri. Wengine walikuwa wakiingia kwake na mfuko wa duka la dawa mkononi, wakauweka mapajani, wakaushika muda wote wa maongezi. Hakuwahi kuwacheka.

Alikuwa amevuka hamsini. Aliyekuwa mumewe alihamia Lyon, Ufaransa, miaka mingi nyuma, zamani kiasi kwamba hata majirani walikuwa wamechoka kumsema. Watoto hawakujaliwa. Wided alikuwa akiishi peke yake katika nyumba ya vyumba viwili mtaa wa pili kutoka kazini, na kwa kawaida alikwenda na kurudi kwa miguu.

Watu wengi waliofika kwake walitaka kuambiwa la kufanya. Yeye hakuwaambia. Alikuwa akisema kwamba ushauri wameshashiba. Wamepewa na mama zao, na imamu, na msusi, na dereva wa teksi aliyewaleta. Imani yake ilikuwa nyingine. Aliamini kwamba kila mtu anaujua undani wa shida yake kuliko anavyoweza kuusema, na kwamba neno alilolifikia mwenyewe humbadilisha, wakati neno hilo hilo akipewa na mwingine huliweka mfukoni na kulisahau. Kwa hiyo kazi yake ilikuwa kukaa na mtu, kumsikiliza bila kumharakisha, na mara nyingi kuuzuia ulimi wake.

Imani yake ya pili ilikuwa kwamba anayeingia lazima siku moja atoke. Siku ya kwanza kabisa alimwuliza kila mtu swali moja: "Siku utakapokuwa huji tena kwangu, saa kama hii utakuwa unafanya nini?" Wengine walishangaa. Kijana mmoja alijibu kwamba atakuwa uwanjani anacheza mpira. Mwalimu mmoja wa kike alisema atakuwa amelala, amelala tu kama watu wengine, kisha akalia.

Nao walitoka kweli. Walipata nafuu, wakaaga, wakaenda zao. Baadaye Wided alikutana nao sokoni kwenye samaki, akina mama waliokuwa wamelia mbele yake mpaka sauti ikakauka, sasa wanabishana na muuzaji juu ya bei ya pweza. Yeye hakuwasalimu. Alikuwa amejiwekea sharti la kutomsalimu mteja mpaka mteja aanze, asije akamfedhehesha mbele ya watu wake. Wengi hawakuanza. Walitazama pembeni, naye akawatazama samaki. Harusini alikaa na binamu wa mbali, akijua nusu ya siri za waliokuwa wakicheza pale mbele, na hakuna aliyemwita mezani kwake.

Mzee Beshir Ketata, au Si Beshir, kama kwetu tunavyomwita mwanamume wa heshima, aliletwa na mke wa mwanawe, Ines, mwanamke mdogo wa maneno machache. Mzee huyo alikuwa amemaliza miaka sitini na kitu, mwenye kinu cha mafuta ya zeituni ambacho sasa kiliendeshwa na wanawe wawili. Mkewe Zohra alikuwa amefariki mwaka uliopita. Tangu arubaini ya mkewe ipite, Si Beshir alikuwa akilala ndani ya gari. Si kwamba alifukuzwa. Kitanda chake kilitandikwa kila siku. Yeye alitoka tu na mto na blanketi, akaingia kwenye Peugeot yake kuukuu iliyoegeshwa uani, akalaza kiti nyuma, akafunga mlango. Majirani walidhani anavizia wezi.

"Anakula?" Wided aliuliza.

"Humo humo garini," Ines akajibu. "Namwekea sahani kwenye boneti."

Si Beshir mwenyewe alikaa na kofia mkononi. Alipoulizwa lile swali la siku ya kwanza, alifikiri kidogo.

"Nitakuwa nimekufa," akasema.

"Sawa," Wided akasema. "Na kabla ya hapo?"

Mzee akamtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. Jumanne iliyofuata alikuja mwenyewe, bila Ines, saa kumi alasiri. Tangu hapo saa kumi ya Jumanne ikawa yake.

Miezi ya mwanzo hakuwa na mazungumzo ya maana. Aliongea habari za zeituni, ukame, bei ya umeme, wanawe wasiojua kusafisha mashine. Akimfikia mkewe alisema "marehemu" na kugeukia jambo jingine. Wided alisikiliza. Mwezi wa tatu au wa nne alikuwa ameshaanza kubahatisha ni kwa nini mtu achague gari katika nyumba yenye vyumba vitano. Neno lilikuwa ulimini. Lakini alijua kwamba akilitoa, mzee atatikisa kichwa kwa adabu, atasema ndiyo daktari, na ataendelea kulala garini. Akajizuia.

Lilikuja lenyewe siku ya mvua. Si Beshir alikuwa akilalamika juu ya Ines, ambaye alikuwa amemkuta akifunga betri mpya kwenye gari na kumwuliza ya nini, na gari lenyewe haliendi popote.

"Nikamwambia gari lazima liwake mara moja," akasema. "Likihitajika, unawasha, unaondoka. Hakuna kusukumana."

Nje maji yalikuwa yakipiga kwenye kioo. Wided alibana midomo, akangoja. Mzee alikuwa akizungusha kofia mikononi kama anayetafuta mbele na nyuma yake.

"Ilikuwa Agosti," akasema hatimaye. "Tumeshakula mchana. Joto la kuyeyusha lami. Akaniambia, Beshir, kifua kinanibana, nipeleke hospitali. Nikamwambia umezidisha pilipili, jilaze kidogo, jua likipungua nitakupeleka. Nikalala mimi. Nilipoamka jua lilikuwa limepungua kweli."

Aliacha kuizungusha kofia.

"Kumbe nalala mle niwe tayari," mzee akasema, taratibu, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. "Tayari kwa nani sasa, daktari?"

Wided hakulijibu swali lile, kwa sababu halikuwa lake kulijibu. Alivuta kiti chake kikakaribia kidogo. Si Beshir alilia kwa sauti ndogo, bila kujifuta, na saa ilipokwisha Wided hakumwinua. Mteja aliyefuata alisubiri kwenye korido.

Baada ya siku hiyo mambo hayakubadilika kwa mkupuo. Mzee alirudi garini usiku ule ule na wiki kadhaa zilizofuata. Kisha akahamia sebuleni, kwenye kochi. Kisha akawaambia wanawe wageuze kitanda chake kielekee dirishani, akaanza kulala chumbani. Alirudi kinuni kuwagombeza vijana. Ines alipiga simu kushukuru, akasema baba mkwe ameanza kulalamikia chumvi kwenye mchuzi, na nyumba nzima imefurahi.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa imekwisha. Wided, ambaye kwa wengine wote aliona mwisho ukija toka mbali na kuwaandaa, safari hii hakuuona, au aliuona akageuza uso.

Si Beshir aliendelea kuja kila Jumanne, wakiongea kama watu waliokaa barazani. Alimsimulia habari za paka aliyezaa ndani ya gunia la makapi ya zeituni. Alimweleza timu yetu ilivyofungwa kizembe. Na alikuwa na tabia moja: kabla hajakaa, aliuliza, "Leo umekula nini mchana, daktari?" kisha akasubiri jibu. Mara ya kwanza Wided alilikwepa swali, kama inavyotakiwa katika kazi yake. Baadaye alijibu kwamba amekula mkate na jibini. Baadaye zaidi, Jumanne asubuhi, alianza kupika, ili awe na la kujibu.

Haikuwa mapenzi, na yeyote aliyewaona angejua. Ilikuwa tu kwamba katika wiki nzima, kati ya watu wote waliomkalia mbele na kumimina maisha yao, huyu peke yake alimwuliza jambo. Wided alimhamishia Jumatano mteja wa saa kumi na moja, akijiambia kwamba Jumatano inafaa zaidi. Akanunua chai nzuri ya kijani na majani ya mnanaa. Jumapili jioni, nyumba ikiwa kimya mpaka akasikia friji ya jirani, alijikuta akihesabu siku iliyobaki katikati.

Kila mwezi alizungumza kwa simu na Daktari Mongi, mzee aliyemfundisha kazi huko Tunis, akimweleza wateja wake bila kuwataja majina. Katika ufundi ule hata msikilizaji huwa na anayemsikiliza. Mwezi wa Februari Mongi alimwuliza, kama kwa kupita, juu ya yule mzee wa garini.

"Anaendelea vizuri," Wided akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu kiangazi."

"Mwanangu," Mongi akasema, "sasa hapo ni nani anayemhitaji mwenzake?"

Wided alijibu kwamba mtandao ni mbovu, atampigia baadaye, akakata. Alikaa na simu mapajani akiwa na hasira, na hasira ile ilipompungua ikamwachia haya. Alikumbuka kwamba wiki mbili nyuma Si Beshir alikuwa amesema, huku akicheka, kwamba akitoka pale Jumanne hana tena neno la kumwambia mtu nyumbani, yote ameyamaliza. Na yeye alikuwa amecheka naye.

Jumanne iliyofuata hakuchemsha chai. Mzee alipouliza amekula nini, alimwomba akae kwanza, akamwambia kwamba ameshapona, amepona muda mrefu, na kwamba wakutane mara moja tu tena kisha waagane.

Si Beshir alitazama meza isiyo na birika.

"Unanifukuza."

"Sikufukuzi, Si Beshir. Nilipaswa kukwambia haya tangu kiangazi. Nilinyamaza."

"Kwa nini ulinyamaza?"

Angeweza kumpa jibu la vitabuni. Alimtazama, akaona haifai.

"Kwa sababu nilikuwa naipenda Jumanne," akasema.

Mzee hakutarajia hilo. Alivua kofia, akaivaa tena, na uso wake ukalegea.

"Basi tatizo liko wapi? Wewe unapenda, mimi napenda. Mkahawani watu hukaa hivyo miaka na hakuna anayemfukuza mwenzake."

"Mkahawani mtu hulipia kahawa. Wewe unanilipa mimi nikusikilize."

"Nitaacha kulipa. Njoo nyumbani Ijumaa, Ines atapika kuskusi ya pweza, utakaa na sisi."

Wided alitikisa kichwa. Alimweleza polepole, akitafuta maneno, kwamba mambo aliyomkabidhi katika chumba hiki ni mazito, na mtu aliyeyapokea hawezi kuyavua mlangoni kama viatu, akakaa mezani kwake kama mgeni wa kawaida. Kila akimpitishia mkate, mzee angeiona ile Agosti. Tena kulikuwa na jingine.

"Maneno unayonipa mimi, wanao wanayasubiri," akasema. "Nimewalia chakula chao."

Si Beshir akakiri kwamba Ines naye alishasema kitu kama hicho, kwamba Jumanne baba hurudi kama gunia tupu. Yeye alidhani ni wivu wa wanawake.

Aliinuka kabla ya saa kwisha, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata mara moja. Akiwa ameshika kitasa, akageuka.

"Na wewe je, daktari? Jumanne saa kumi utakuwa unafanya nini?"

Katika miaka yake yote ya kazi hakuna aliyewahi kumrudishia swali lile.

"Nitakuwa hapa," Wided akasema. "Nimekaa."

"Mimi ningekupa jibu baya namna hiyo usingenikubalia," mzee akasema, na akafunga mlango kwa upole.

Siku ya kuagana alikuja amevaa koti la sikukuu. Hawakuongea mengi. Alimweleza kwamba amemsimulia mwanawe mkubwa habari ya Agosti, kwamba kijana alitoka nje, akakaa uani saa nzima, kisha akarudi akambusu kichwani. Wided alimsikiliza, akampa mkono. Si Beshir aliweka kiganja kifuani, akashuka ngazi, na sauti ya viatu vyake ikapotea kwenye kelele za barabarani.

Wided hakumpa mtu yeyote saa ile. Jumanne zilizofuata alikaa kwenye kiti chake, mlango umefungwa, akitazama kile kiti kingine. Siku moja alijaribu kusoma, nyingine akapanga upya rafu. Siku nyingine alisinzia, akaamshwa na mtu aliyekosea mlango, akitafuta ofisi ya bima. Alijisikia mjinga kwa jinsi alivyomwelekeza mtu yule kwa maneno mengi, akamsindikiza mpaka kwenye ngazi.

Mwezi wa Machi alimwona Si Beshir sokoni Bab Jebli, yuko na Ines, wanachagua mchicha na kubishana kama ni wa jana. Mzee alikuwa akiongea bila kupumua na Ines akicheka. Alimwona Wided juu ya vichwa vya watu, akamwinamia kidogo, na hakukatisha sentensi yake. Wided alinunua limau ambazo hakuzihitaji. Alikuwa ameamini kwa miaka kwamba kazi ikifanywa vizuri huishia hivi, na imani yake ilikuwa sahihi. Alirudi nyumbani nayo, akawasha taa, akala chakula chake amesimama jikoni.

Ilikuwa Aprili alipompigia dada yake Rauda, anayeishi Sousse. Walikuwa wakizungumza siku za Idi tu, tangu walipokosana juu ya nyumba ya marehemu baba yao iliyoko barabara ya Gremda, nje ya mji. Rauda alitaka iuzwe. Wided hakutaka iuzwe wala hakutaka kuikanyaga, na nyumba ikabaki imefungwa.

"Kuna nini?" Rauda akauliza mara tu alipopokea. "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Nataka kwenda kuifungua nyumba ya baba."

"Tuiuze?"

"Sijui. Nataka kufungua madirisha kwanza. Njoo unisaidie nguo zake."

Rauda alisema atakuja Jumanne, kwa kuwa siku hiyo ana nafasi. Jumatatu jioni akatuma ujumbe kwamba goti limemvimba, waahirishe mpaka mwezi ujao. Wided aliusoma mara mbili. Kesho yake, saa tisa na nusu, alifunga chumba chake cha kazi, akaenda peke yake.

Kufuli lilimsumbua. Ndani palinuka vumbi na sabuni ya zamani. Alifungua dirisha moja moja, mengine kwa kusukuma kwa bega, na mwanga ukaonyesha kila kitu kilivyoachwa: miwani juu ya redio, viatu vilivyotiwa magazeti ndani visipoteze umbo. Alifungua kabati akakuta mashati yamepangwa kwa rangi. Akalitoa moja, akakaa kitandani nalo, na kilio kikamjia kwa nguvu ambayo hakuijua. Hakukuwa na mtu wa kusogeza kiti karibu naye. Akajiuliza angemwambia nini mteja aliye katika hali hii, akaona asingemwambia kitu, angekaa naye tu. Basi akakaa.

Alikuwa bado na shati mapajani aliposikia sauti ya kikongwe kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Nani humo ndani? Simu ninayo mkononi, naita polisi."

Wided alijifuta uso, akatoka uani. "Ni mimi, mama. Wided, binti wa Si Taufik."

"Wided yupi? Yule daktari wa vichwa?"

"Ndiye."

Kichwa chenye kitambaa cheupe kilichungulia juu ya ukuta. Mama huyo, Mbarka, alikuwa amehamia pale miaka ya mwisho ya baba yao, na Wided hakuwa akimfahamu vizuri.

"Baba yako alikuwa hanipi nafasi kwa habari zako," akasema. "Tangu azikwe sikukuona tena. Nikajua umehamia ng'ambo."

"Niko mjini tu, mama."

"Basi hiyo ni mbali zaidi." Akamkagua kutoka juu hadi chini. "Umelia. Nina makaroni jikoni, njoo ule. Ila nakuonya mapema, mimi naongea sana."

"Si neno. Nitasikiliza, ndiyo kazi yangu."

"Sikukuita kazini," Mama Mbarka akasema. "Pita mlango wa nyuma, huo wa mbele umeharibika."

Wided alikula makaroni yenye pilipili kali kwenye meza ya plastiki, na kikongwe akaongea kweli, juu ya binti yake wa Gabes, presha, na mfereji ulioziba. Katikati ya hayo akamwuliza dada yake yuko wapi, na mbona hawaji wote wawili. Wided alitaka kumrudishia kwa swali, kama alivyozoea. Akaweka uma chini. Alisema dada ana goti, kisha akasema si goti peke yake, kisha akaomba maji. Mama Mbarka alimmiminia, akaendelea na habari za mfereji.

Jumanne iliyofuata alikwenda tena. Mama Mbarka hakuwepo. Alikuwa amesafiri Gabes, na mlango wake wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa mnyororo. Wided alifungua madirisha yote, akafagia chumba kimoja mpaka kikaisha, akatoa kiti nje. Alikuwa amekuja na machungwa mawili, moja lake na moja la Mama Mbarka. Akamenya la kwanza taratibu, akalila lote, na kulipoanza kupoa akarudisha kiti ndani.